Mlio wa Saa Tisa Usiku

Zilikuwa shafti sita, unene wa kifundo cha mkono wangu,
za mashine ya karatasi kule Tolosa.
Kromi asilimia moja, chembe ya molibdeni,
kaboni kama chumvi ya mpishi mwenye mkono mwepesi.
Chuma cha kawaida. Eibar nzima hukijua
kama mtu anavyojua harufu ya koti lake.

Zigor alizikereza tangu Jumatatu, zingali laini.
Maganda yalitoka marefu, ya buluu, yakijisokota
hadi viatuni, naye akiyavuta kwa ndoana.
Alibakiza robo ya milimita kila upande.
"Ya moto," alisema. "Moto nao hula."

Kisha zikaja kwangu.

Mimi ni Edurne; jina langu maana yake theluji,
na miaka kumi na tisa sasa kazi yangu ni tanuri.
Nyuzi mia nane na hamsini. Siamini kipimo peke yake:
nilisogeza sumaku kwenye ncha ya fimbo, ikakataa kushika.
Wekundu wa kaa lililopulizwa.
Nikazitumbukiza katika mafuta, moja moja, wima.
Mafuta yakanguruma, moshi ukapanda darini
ukakaa huko kama mgeni asiyejua kuaga.

Ncha ya almasi ikagusa,
mshale ukasimama hamsini na tano.
Tupa iliteleza juu yake kama juu ya kigae.
Xabin, mwanagenzi wetu, akapiga mluzi: "Hicho ndicho chuma!"
Nikamwambia hapana. Hicho ni kioo kilichovaa nguo za chuma.
Ndani yake kila chembe imemkaba jirani yake koo.
Kinataka moto wa pili, mdogo, saa mbili,
kishuke hadi thelathini,
kijue kupinda kidogo na kurudi.
Udongo uwahi ungali maji;
hiki kiwahi kingali vuguvugu.

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu nilisema.

Lakini ilikuwa Ijumaa, na saa kumi na moja
dada yangu Garazi akapiga simu kuhusu nyumba ya mama.
Sitaandika tuliyoambiana.
Yangu mimi yalikuwa hamsini na tano, labda sitini.
Nikakata simu. Nikavua glavu. Nikazima taa.
Shafti sita mezani, zikipoa peke yao,
na mvua ile nyembamba ikinyesha bondeni.

Fermin, mlinzi, aliandika katika daftari:
*Jumapili, saa tisa usiku. Mlio mmoja,
kama kijiko kilichoangukia kikombe.
Nimezunguka. Hakuna mtu.*

Hakuna mtu. Hakuna nyundo, hakuna mzigo,
hakuna aliyeigusa,
na shafti ya tatu ina ufa kutoka begani hadi katikati,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga.
Ilijipasua yenyewe, kwa yale iliyoyabana.

Zigor alipitisha ukucha juu ya ufa.
Hakunifokea. Afadhali angenifokea.
Akaenda kwenye msumeno kukata pande jipya.

Tano zilizobaki nilizipaka rangi ya kutafutia nyufa,
nikasubiri, nikafuta, nikakagua kwa taa. Nzima.
Nikazitia tanurini, nyuzi mia tano na themanini,
nikavuta kiti.
Xabin akauliza kama hatupotezi bure
ugumu wote ule tulioupata.
Nikamtuma kahawa.

Simu ilikuwa mfukoni, imeshika joto la mlango wa tanuri.
Siku tatu. Namba yake naijua bila kuangalia.
Kabla ya kubonyeza nilitega sikio kidogo,
kama nitasikia kijiko.

Iliita mara nne, mara tano.
Nyuma yangu Zigor alikuwa ameanza kukereza.